Shanga za Bluu Kinywani mwa Bibi Kija

Katika ukoo wa Bibi Kija, shanga za mtoto mchanga hazikutungwa kavu. Zilipita kwanza kinywani mwa mwanamke mtu mzima, aliyekwisha kuzaa na kulea. Mtungaji alichota kidogo kwenye kiganja, akazitupia ndani ya shavu la kushoto na kuzilaza hapo mpaka zipate joto la mwili. Kisha ulimi ulizileta mbele moja moja, midomo ikazishika, na ncha ya uzi uliopakwa nta ikapita tunduni. Sindano ilikuwa ya shanga za kuuza. Za mtoto zilitaka mate, kwa sababu mate ya mkubwa ndiyo baraka yenyewe. Mama yake Kija, kule Kisesa, alikuwa akimfinya sikio kila alipomkuta anatungia mtoto kwa sindano, akimwambia, "Unamshonea mjukuu wangu gunia?"

Kwa hiyo mwanawe Nestory alipomletea kopo la biskuti lililojaa shanga, Bibi Kija alifurahi kweli. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na mjini Mwanza kila mtu alikuwa akiuza kitu. Maduka yaliyokuwa na sabuni mche mmoja na kiberiti kimoja sasa yalikuwa yamejaa mpaka barazani. Nestory naye alikuwa amepata kibarua uwanja wa ndege, akipakia maboksi ya minofu ya sangara kwenye ndege kubwa za mizigo. Ndege hizo zilikuja karibu tupu, zikitua Misri njiani kujaza mafuta, na wafanyakazi wake walishuka na vitu vya kubadilishana: saa, redio, manukato, viatu. Wao walitaka mabondo, kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara, ambacho wanunuzi walikigombania kuliko samaki mwenyewe. Nestory alitoa mfuko wa mabondo makavu, akapewa kopo.

"Zimetoka wapi?" aliuliza Bibi Kija, akilitikisa kopo sikioni.

"Misri, mama."

"Misri ya kwenye Biblia?"

"Hiyo hiyo. Bado ipo."

"Mpya?"

Nestory alikuna shingo. "Si mpya sana. Tuseme ni za mitumba."

Hilo halikumsumbua Bibi Kija. Nani siku hizo hakuvaa mitumba? Zamani watu waliziita nguo hizo kafa Ulaya, wakisema kila koti lina mwenyewe aliyezikwa bila koti lake, na yeye hakuwahi kuvaa hata soksi kabla ya kuichemsha kwenye sufuria aliyoitenga kwa kazi hiyo. Akaona shanga nazo ni hivyo hivyo. Wanawake wa Misri wamezivaa, wamezichoka, wamenunua nyingine, hizi zimepanda ndege.

Akazimwaga kwenye ungo pale kibarazani kwake Mkuyuni, chini ya lile jiwe kubwa lililoegemea nyumba. Zilikuwa za rangi ambayo hakupata kuiona sokoni. Si bluu ya kanga wala bluu ya kalamu. Ilikuwa bluu iliyoelekea kijani, kama maji ya ziwa upande wa Kamanga saa sita mchana, kabla magugu maji hayajaja kuyafunika na kuyaozesha. Nyingi zilikuwa ndefu na nyembamba kama vipande vya njiti ya kiberiti, nyingine viduara vidogo. Katikati yake mlikuwa na vitu vilivyochongwa: jicho lenye nyusi na mchirizi wa chozi chini yake, kijitu chenye kichwa cha mbwa, na mdudu.

Alimgeuza yule mdudu kwa ncha ya kidole. "Rose, njoo uone. Huyu si yule anayeviringisha mavi ya ng'ombe?"

Rose, mke wa Nestory, alikuja na mtoto mgongoni, akainama. "Ndiye, mama. Hata miguu yake ya kusukumia ameipata."

"Sasa mtu mwenye akili zake anavaa mdudu wa mavi shingoni?"

"Labda huko kwao anaviringisha sabuni."

Walicheka. Bibi Kija alimweka mdudu pembeni pamoja na kijitu cha mbwa. Chini ya tumbo la mdudu kulikuwa na namba ndogo sana zilizoandikwa kwa wino mweusi. Akadhani ni alama ya kiwanda.

Kuzisafisha ilikuwa kazi. Aliziloweka katika maji ya moto na sabuni, na maji yakageuka rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Harufu ikapanda. Haikuwa ya uvundo hasa. Ilikuwa tamu na nzito, kama ubani uliochomwa juu ya ngozi ya mbuzi isiyokauka vizuri. Rose alifunga pua kwa kanga. Bibi Kija, ambaye alikuwa amezoea magugu yanayooza ufukweni na moshi wa mapanki, yale mabaki ya sangara ya viwandani, yanayokaangwa kwa jirani, alisema tu kwamba manukato ya Waarabu yakikaa sana ndivyo yanavyokuwa. Akamwaga maji, akaweka mengine, akamwaga. Ndani ya matundu mlikuwa na kitu cheusi kilichoganda kama lami. Alikaa siku nzima akikichokoa kwa mwiba wa mgunga, shanga moja baada ya nyingine, bila haraka, na pale kilipokataa kutoka aliacha. Alijua mate yangekilainisha.

Na kweli yalikilainisha. Alipoziweka shavuni, kile cheusi kiliyeyuka polepole, kikaacha ladha chungu yenye utamu nyuma yake. Alitema mara ya kwanza. Mara zilizofuata alimeza, maana alikuwa katikati ya kazi na mtungaji hatemi ovyo shanga za mtoto zikiwa kinywani.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa miezi minane, na jina lake lilikuwa Princess. Nestory alilitoa kwenye bango la saluni. Bibi Kija alilitafuta katika majina ya watakatifu, akamuuliza hata katekista, hakulipata, akaishia kumwita Prinsesi bila kinyongo. Alimtungia ushanga wa kiunoni wa nyuzi mbili, na shingoni akamtungia uzi mmoja wenye lile jicho katikati. Rose alilipenda. Alisema litamwangalia mtoto wakati yeye yuko sokoni Kirumba.

Alipoufunga, Bibi Kija alikaza fundo kwa meno, kama ilivyotakiwa. Mikono iliyofunga shanga za mtoto ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kuzifungua. Vinginevyo ziliachwa mpaka zikatike zenyewe. Meno ya chini yalikuwa yakimtoka Princess, na tangu siku ile jicho halikutoka mdomoni mwake. Alilitafuna akiwa macho, akalinyonya akiwa usingizini.

*

Mwalimu Aoko alifika siku ya Alhamisi alasiri. Alikuwa Mjaluo wa Mara, akifundisha historia chuo cha ualimu pale Butimba, na alikuwa mteja wa miaka mingi. Safari hii alitaka mkufu wa kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Wanafunzi wanakula mishahara yenu?"

"Wanakula hadi chaki." Akamchukua Princess kutoka mkekani, akampakata. Mtoto akamtazama, akaendelea kutafuna. Mwalimu akacheka, akalivuta jicho kutoka mdomoni mwa mtoto ili amsalimie vizuri, na kicheko kikamkatikia hapo hapo. Alilifuta mate kwa kidole gumba. Akaligeuza nyuma.

"Mama, hili umelipata wapi?"

"Misri. Nestory kaniletea. Yako mengine." Akamsogezea ungo.

Mwalimu Aoko hakugusa kitu kwa muda. Kisha alimchukua yule mdudu, akamgeuza tumbo juu, akazisoma zile namba karibu na uso. Alimrudisha kwenye ungo taratibu sana.

"Mama, umeshakula?"

"Nimekula ugali na sato. Kwani?"

"Basi tungoje kidogo chakula kishuke."

"Aoko, mimi ni mtu mzima. Sema."

"Hizi hazivaliwi na mtu aliye hai," alisema Mwalimu Aoko. "Huvalishwa maiti."

Bibi Kija alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. Mwalimu akaeleza, na alieleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake, hatua kwa hatua, kwa sababu hakujua namna nyingine. Watu wa kale wa Misri, alisema, hawakumwacha maiti aoze. Walimtoa matumbo, wakamfukia kwenye magadi mpaka akakauka.

"Magadi haya ya kuchemshia maharage?"

"Ndugu yake."

Kisha walimviringisha kwa vitambaa, na ndani ya vitambaa wakaweka hirizi, jicho huku, mdudu pale juu ya moyo. Wengine walimwagiwa utomvu mweusi wa moto, ukapenya kila mahali. Na juu ya yote walimtandaza wavu wa shanga za bluu, kutoka kifuani mpaka miguuni. Ndizo hizi ndefu. Alikaa hivyo maelfu ya miaka, mpaka wakaja watafiti wanaochimba mambo ya kale, wakamfukua, wakapima, wakapiga picha, wakaandika namba kwa wino juu ya kila kitu ili kisipotee. "Namba hizi ni zao, mama. Kuna mtu amezikwapua shanga hizi katika ghala la wachimbaji. Kopo hili ni mali ya wizi."

Neno la wizi lilimpita Bibi Kija. Mawazo yake yalikuwa bado yamebaki nyuma, kwenye utomvu.

"Huo utomvu," alisema, "ukilowana unanuka vipi?"

"Sijui, mama. Vitabu havisemi."

"Unanuka kama ubani na ngozi ya mbuzi."

Aliinuka, akafika mpaka kwenye mgomba, akashika shina lake kwa mikono miwili. Alitapika ugali, alitapika sato, alitapika maji ya kijani, na baada ya hapo tumbo liliendelea kujikamua bila kitu. Kilichomtesa si kilichotoka. Ni kile alichojua hakitatoka, kwa sababu alikimeza zaidi ya wiki moja iliyopita, kidogo kidogo, kwa uvumilivu, akisifu kazi yake mwenyewe. Alikuwa amemlamba mtu. Alikuwa amemlamba kifua, tumbo, mapaja, mpaka miguuni, mtu aliyekaushwa kama dagaa, na jasho la maiti huyo alikuwa amelipasha joto shavuni mwake.

Alisukutua kwa chumvi. Alisukutua kwa maji ya ndimu. Alisugua ulimi kwa jivu mpaka ukatoka damu, na Mwalimu Aoko akamshika mkono.

"Inatosha, mama. Ni vitu vya kale mno, havina ugonjwa."

"Nani kasema ugonjwa?" Alikaa chini kwenye mkeka. "Alikuwa mwanamume au mwanamke?"

"Haijulikani."

"Basi hata wa kumwomba radhi simjui." Alitazama ungo, na uso wake ukajikunja. "Na hao wasomi wako waliomfukua. Walimuuliza?"

"Wao wanatafuta maarifa, mama. Wanatunza. Hawauzi."

"Wanamvua mtu nguo, wanamwandika namba kama gunia la pamba, halafu wanatunza." Alitema pembeni. "Ungekubali mama yako avuliwe, Aoko, hata kama ni kwa maarifa?"

 Mwalimu Aoko alisema kwamba vitu hivyo inafaa virudishwe serikalini, yeye anaweza kuulizia watu wa makumbusho. Bibi Kija akasema sawa, ataongea kwanza na mwanawe, maana serikali ikisikia itaanza na aliyevibeba.

Lakini kabla ya serikali kulikuwa na mtoto. Princess alikuwa amelirudisha jicho mdomoni na udenda ulikuwa ukimshuka kidevuni. Bibi Kija alimlaza mapajani. Safari hii hakutumia meno, aliomba wembe. Alikata uzi wa shingoni, akakata nyuzi mbili za kiunoni, na kila shanga iliyodondoka aliiokota kwa kipande cha gazeti. Mtoto alililia jicho lake kama anayenyang'anywa ziwa la mama. Walimuogesha maji ya uvuguvugu, wakambadilishia, wakamuogesha tena. Kiunoni palikuwa na alama ya shanga, vidoti vidoti, na Bibi Kija aliisugua ile alama mpaka Mwalimu akamwambia hiyo ni ngozi tu, itarudi yenyewe.

*

Nestory alirudi jua likiwa linazama, akinuka samaki na barafu. Alimkuta mama yake ameketi kibarazani, ungo miguuni umefunikwa gazeti, na Rose amesimama mlangoni na mtoto. Rose alikwisha kuambiwa. Alikuwa amelia na macho yalikuwa bado mekundu.

"Kuna msiba?" aliuliza Nestory.

"Ndiyo," alisema Bibi Kija. "Kaa."

Akamweleza yote aliyoambiwa na Mwalimu Aoko. Alimweleza bila ukali, kwa kuwa aliamini mwanawe alidanganywa kama yeye alivyodanganyika. Alikuwa na hamu ya kuona uso wake ukishtuka. Kichefuchefu hupungua kikipata mwenzake wa kukibeba. Lakini Nestory alitazama chini muda wote, akichezea kamba ya kandambili, na mama yake, aliyemjua tangu hajaota jino, aliona kwamba uso ule hausikii habari mpya.

 Akauliza, polepole, "Nestory. Ulijua?"

"Mimi si msomi, mama. Nitajuaje mambo ya Misri?"

"Sikuulizi mambo ya Misri. Nakuuliza ulipolifungua kopo hili mara ya kwanza, mlikuwa na nini ndani."

"Shanga."

"Na nini?"

Rose akasema kutoka mlangoni, "Baba Prinsesi, jibu."

"Kitambaa," alisema Nestory. "Kitambaa chakavu, cha kahawia. Shanga nyingine zilikuwa zimenasia humo. Nikazinasua nikakitupa."

"Kitambaa peke yake."

Alisugua goti. Kwa jirani mafuta ya mapanki yalikuwa yakichemka na kunukia njia nzima. "Kulikuwa na kucha," alisema. "Imeshikana na kitambaa. Kucha na kipande cha, sijui, kama ngozi. Nilitupa huko huko kwenye nyasi za uwanja. Nikasafisha kopo. Sikutaka uone uchafu."

Rose alitoa sauti ndogo, akamkumbatia mtoto, akaingia ndani.

"Ulikuta kucha ya mtu," alisema Bibi Kija, "ukaitoa, ukaniletea zilizobaki. Na unajua ninavyotunga."

"Mayu." Alimwita kwa Kisukuma, kama alipokuwa mtoto. "Niliona wewe ndiye fundi. Kuna mtu ana duka la vinyago, wageni wanakwenda pale. Alisema zikiletwa vurugu hivi hazinunuliki, zikitungwa vizuri ni kitu kikubwa. Nikasema umtungie mtoto kidogo ufurahi, halafu nikuombe utunge zilizobaki. Huyo mtu alikufa zamani, mama, zamani kabla ya Yesu. Siku hizi kila kitu kinauzwa. Ruksa. Sisi tu ndio tunaona haya."

Bibi Kija aliondoa gazeti. Alichukua shanga moja ndefu kwa ncha za vidole, akamnyooshea.

"Weka mdomoni."

"Mama."

"Moja tu. Mimi nilijaza shavu. Mwanao amenyonya jicho siku kumi. Wewe weka moja, tena imeshaoshwa. Hesabu moyoni mpaka ipate joto, uitoe. Ukifanya hivyo nitakutungia zote kwa mikono yangu, ukauze."

Alikuwa anasema kweli, na Nestory alijua anasema kweli. Aliipokea. Aliiviringisha kiganjani. Aliipandisha hadi usawa wa kidevu, na hapo ile harufu, iliyokuwa imebaki kidogo tu, ikamfikia.  Midomo ilijikaza yenyewe, mistari miwili mikavu, na mkono ukashuka.

"Siwezi," alisema.

"Ehe."

"Siwezi, mama. Nisamehe."

Alikuwa karibu kulia, na Bibi Kija alipoona hivyo aliitwaa ile shanga, akairudisha kwenye ungo. Basi bado yumo mtu humu ndani, alijiambia. Anayeona kinyaa bado yumo. Akamwambia kwamba habari ya serikali ni ndefu na inaweza kumpeleka ndani, wakati marehemu hana haja ya ofisi, ana haja ya udongo. Kama hakuzikwa kwao, azikwe hapa. Nestory akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake asubuhi alichimba yeye mwenyewe, nyuma ya jiwe, mahali pasipopitwa na maji ya mvua. Bibi Kija alitoa kanga yake nzuri ya njano, akaikata nusu, akafungia shanga zote, na jicho, na mdudu, na kijitu cha mbwa, hata zile nyuzi alizozikata mwilini mwa mtoto. Waliteremsha furushi lile kwa mikono. Rose alisali Baba Yetu. Bibi Kija alirusha udongo kwanza, Nestory akafukia, akashindilia kwa mgongo wa jembe, uso wake mrefu na mnyenyekevu kama wa mfiwa wa kweli. Kisha wote walinawa kwenye karai moja, kama watu wanaotoka makaburini, na mtoto akanyolewa nywele. Mchana ule Bibi Kija alikula vijiko vichache vya uji, chakula cha kwanza kilichokaa tumboni.

*

Jumapili alikwenda misa na Rose. Nestory alisema kichwa kinamuuma, atabaki.

Waliporudi nyumba ilikuwa imefungwa kwa komeo la nje. Bibi Kija alizunguka nyuma kutafuta kuni. Alikuta udongo umepandishwa pembeni, mwekundu na mbichi, na kaburi liko wazi. Hakulikimbilia. Alikwenda kwa mwendo wake wa kawaida, akasimama ukingoni, akachungulia.

Kanga ilikuwa mle ndani. Nestory hakuichukua, aliifungua, akakung'uta shanga, akaitupa shimoni, upande wenye maneno ukiwa juu. Alama za kandambili zake zilikuwa kila mahali, zikienda na kurudi, na sehemu moja goti lilikuwa limepigwa chini alipokuwa akiokota zilizodondoka. Alikuwa amepiga goti. Bibi Kija alilitazama lile shimo la goti kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama kaburi.

Kichefuchefu kilirudi, lakini sasa hakikuwa cha marehemu. Marehemu, ukimfikiria, alikuwa safi. Alioshwa na watu waliompenda, akafungwa vitambaa, akapambwa. Uchafu ulikuwa mahali pengine, mahali ambapo chumvi na ndimu hazifiki. Huyu, aliwaza, aliona kinyaa kinywani mwake tu. Mikononi hakioni.

"Mama?" Rose alikuwa nyuma yake. Akaona. Akaweka mkono mdomoni.

"Usilie," alisema Bibi Kija. "Nipe jembe."

Alilifukia shimo na kanga yake ndani. Alipomaliza alinawa, akamchukua Princess, akaketi naye kibarazani. Shanga nyingine alikuwa nazo chumbani, nyekundu za sokoni, mpya kabisa, na kiuno cha mtoto kilikuwa kitupu. Alijaribu kufikiria kuziweka kinywani. Shavu lilimkataa. Lilijaa mate ya chumvi, yale yanayotangulia kutapika, na ilibidi ateme.

Nestory alikuja saa tisa. Alivaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani bado, na mkononi alishika nyama iliyofungwa kwenye gazeti, kubwa, damu ikipenya. Alikuwa akitabasamu kabla hajafika uani, tabasamu la mtu aliyekwisha kupanga maneno. Alipoona mama yake na Rose hawaiangalii nyama, alitupa jicho upande wa jiwe, mara moja tu, haraka.

Aliweka nyama juu ya kinu, akainama kidogo, akanyoosha mikono amchukue mtoto.

"Shikamoo, mama."

Bibi Kija alimhamishia Princess kwenye bega la pili.

"Hujanawa," alisema.

Nestory alitazama viganja vyake. Chini ya kucha mlikuwa na udongo mwekundu. Alikwenda kwenye pipa, akachota maji kwa kopo la plastiki, akanawa, akarudia kwa sabuni, akasugua chini ya kila kucha kwa kijiti kama mwanafunzi anayekaguliwa mstarini. Rose alimwangalia mpaka mwisho. Kisha aliichukua ile nyama kwa ncha za vidole, akaipeleka nje ya ua, akairusha kwa mbwa wa jirani.

Nestory alirudi, maji yakimchuruzika viwikoni, akasimama mbele ya mama yake.

"Nimenawa," alisema. "Shikamoo, mama."

Kwa jirani mtu alicheka, redio ikabadilishwa idhaa. Bibi Kija alikuwa akimpapasa mtoto mgongoni, polepole, akitazama mikono ile safi iliyosimama mbele yake. Katika maisha yake yote hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtoto wake ikining'inia hewani, hata mwaka ule alipolazwa hospitali na Nestory huyu huyu akachelewa kuja kumwona. Alisubiri aone kama marahaba itapanda yenyewe.

Maji yalidondoka kutoka viwikoni mwa Nestory mpaka yakakauka, naye bado amesimama.